Tajiri wa mguu wa mti na maneno "Sisi Wananchi"

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, nina mwaka wa nne sasa hapa Bronx, New York, na ninajiandaa na mtihani wa uraia. Tunakaa jirani na mtaa wa Morrisania. Darasani tuliambiwa kwamba Gavana Morris ndiye aliyeandika 'Sisi Wananchi' mwanzoni mwa Katiba ya Marekani. Jamaa mmoja kazini akasema huyo Morris alikuwa mfanyabiashara aliyegharimia vita vya uhuru, kisha akafia gerezani kwa madeni. Mwingine akasema alikuwa rafiki wa wafalme, na mguu wake ulivunjika akiruka dirishani kumkimbia mume wa mtu. Sasa binti yangu amepewa insha ya shule juu ya mtu huyu. Amesoma kwamba hakutaka watu wasio na mali wapige kura. Ananiuliza: Baba, mtu kama huyo aliandikaje 'Sisi Wananchi'? Alikuwa mnafiki? Nimekosa jibu."

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kupata binti mwenye kuuliza. Swali lake ndilo kubwa, na nitalifikia. Ila kwanza tuchambue mchele kabla ya kuinjika chungu, maana hao wenzako wa kazini wamekuchanganyia mawe na chuya.

Tuanze na jina. Hapakuwa na Gavana Morris aliyeandika Katiba. Aliyeandika aliitwa Gouverneur Morris, na hilo "Gouverneur" ni jina lake la kuzaliwa. Mama yake alikuwa Sarah Gouverneur, wa ukoo wa Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, na mtoto akapewa jina la ukoo wa mama liwe jina lake la kwanza. Hakuwa gavana hata siku moja. Ni kama kwetu: unamkuta mtu anaitwa Jumbe au Sultani, naye hatawali hata zizi la mbuzi. Kinachozidisha mkanganyiko ni babu yake, Lewis Morris, ambaye kweli alikuwa gavana wa New Jersey enzi za mfalme wa Uingereza.

Yule aliyegharimia vita ni mtu mwingine kabisa, Robert Morris, mzaliwa wa Liverpool aliyetajirika kwa biashara huko Philadelphia. Hawakuwa ndugu. Walikuwa marafiki na washirika: Robert alipopewa usimamizi wa fedha za nchi mwaka 1781, Gouverneur akawa msaidizi wake, na wote wawili walitia saini Katiba wakiwa wajumbe wa Pennsylvania. Katika ofisi hiyo ndipo Gouverneur alipopendekeza fedha za Marekani zihesabiwe kwa makumi badala ya paundi, shilingi na peni za Kiingereza. Hesabu yake mwenyewe ilikuwa ngumu mno, Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais, akairahisisha, lakini mbegu ilikuwa imepandwa. Robert baadaye alizama katika madeni ya kununua ardhi, akafungwa mwaka 1798 na kuachiwa 1801. Hakufia gerezani, alifariki 1806 akiwa huru. Gouverneur hakumtupa: alihakikisha mke wa Robert anapata malipo ya dola 1,500 kila mwaka kutoka kampuni ya ardhi iliyohitaji saini ya huyo mama. Familia ile iliishi kwa fedha hizo.

Haya, mguu. Mwezi Mei 1780, mjini Philadelphia, Morris alipata ajali ya gari la farasi. Mguu wa kushoto ulisagika, madaktari wakaukata chini ya goti. Alikuwa na miaka 28. Tangu hapo alitembea kwa mguu wa mti, kipande cha mbao cha kawaida kisichojaribu kufanana na mguu wa mtu, na mguu huo upo hadi leo katika jumba la makumbusho la chama cha historia cha New York, pale Manhattan. Hadithi ya dirishani ni umbea wa mjini. Umbea huo ulipata miguu (niwie radhi) kwa sababu sifa zake kwa wanawake zilijulikana. Hata rafiki yake John Jay, mtu mzito wa dini, alipopata habari ya ajali aliandika kwamba anakaribia kutamani Morris angepoteza kitu kingine badala ya mguu. Na huo haukuwa mkosi wake wa kwanza: akiwa kijana wa miaka 14 aliunguzwa na maji ya moto, nyama ya mkono wa kulia ikachunika vibaya. Watu walimwona hivyo maisha yake yote: mrefu, mkono wenye makovu, mguu wa mti, na mdomo usiofungika.

Sasa utajiri wake. Hapo unapokaa ndipo alipozaliwa, Januari 1752. Morrisania haukuwa mtaa. Lilikuwa shamba la ukoo wao, maelfu ya ekari, na kazi zake zilifanywa na watumwa. Baba yake alifariki Gouverneur akiwa na miaka kumi, na akaacha wosia wenye kifungu ninachokipenda: mtoto apewe elimu bora kabisa ipatikanayo, isipokuwa asipelekwe Connecticut asije akaambukizwa ujanja wa watu wa huko. Akapelekwa chuo cha mjini New York ambacho leo kinaitwa Columbia, akahitimu mwaka 1768 akiwa na miaka 16, kisha akasomea sheria. Lakini shamba hakurithi. Alikuwa mtoto wa kiume wa mke wa pili. Mama yake alipewa kulitumia maisha yake yote, na baada yake liende kwa kaka wa kambo, Staats Long Morris, ambaye alikuwa afisa katika jeshi la Uingereza. Kaka mwingine wa kambo, Lewis, ndiye aliyetia saini Azimio la Uhuru. Mama alibaki upande wa mfalme hadi mwisho. Nyumba moja, bendera mbili. Mama alipofariki, Gouverneur akalinunua shamba kutoka kwa kaka yake kwa fedha alizochuma mwenyewe: uwakili, biashara za ubia na Robert, na baadaye viwanja vikubwa kaskazini mwa jimbo la New York, ambako hadi leo kuna mji mdogo unaitwa Gouverneur.

Tuingie kwenye kiini. Mkutano wa Katiba ulikaa Philadelphia kuanzia Mei hadi Septemba 1787. Morris hakuwepo sehemu kubwa ya mwezi Juni, alikuwa na shughuli za shamba, na bado waliohesabu wanasema alisimama kuzungumza mara 173, zaidi ya mjumbe yeyote. Mwishoni, tarehe 8 Septemba, ikaundwa kamati ya watu watano wa kusafisha lugha ya rasimu: William Samuel Johnson, Alexander Hamilton, James Madison (aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, na baadaye akawa rais), Rufus King na Morris. Wenzake wakamwachia yeye kalamu. Tarehe 12 rasimu ikarudi mezani. Siku nne tu, na vifungu 23 vilivyokuwa vimetapakaa vimekuwa saba.

Hapa binti yako anahitaji kujua jambo ambalo hata vitabu vya shule hulipita haraka. Morris hakuyabuni maneno "Sisi Wananchi". Yalikuwemo tayari kwenye rasimu ya mwezi Agosti, ila yalifuatwa na orodha: sisi wananchi wa majimbo ya New Hampshire, Massachusetts, Rhode Island, na kuendelea hivyo hadi Georgia, majimbo yote 13 kwa majina. Baada ya orodha, sentensi ikaishia kwamba tunaweka katiba hii kwa ajili ya serikali yetu na vizazi vyetu. Basi. Hakuna lengo lolote.

Alichofanya Morris ni vitu viwili. Cha kwanza alikata: orodha yote ikaondoka, yakabaki maneno "wa Marekani", yaani wa majimbo yaliyoungana kwa pamoja. Cha pili aliongeza: akaingiza malengo sita, kuufanya muungano ukamilike zaidi, kusimamisha haki, kuleta utulivu ndani ya nchi, kuandaa ulinzi wa pamoja, kukuza ustawi wa wote, na kulinda neema za uhuru. Mwaka 1831 Madison, akiwa mzee, aliulizwa jambo hili kwa barua, akajibu kwamba ufundi wa lugha na mpangilio wa Katiba ni haki ya kalamu ya Bwana Morris.

Kwa nini akakata orodha? Sababu moja ni ya kiofisi tu, wala haina ushairi. Ilikubaliwa kwamba majimbo tisa yakiridhia, Katiba inaanza kazi kati ya hayo tisa. Nani angejua ni yapi? Rhode Island haikutuma hata mjumbe mmoja, na ikaja kuridhia Mei 1790, serikali mpya ikiwa na zaidi ya mwaka. Huwezi kuandika "sisi wananchi wa Rhode Island" wakati wenyewe wamenuna. Lakini ipo sababu ya pili, na hapo mjanja alijua anachofanya. Morris aliamini nchi ni moja, na majimbo ni vipande vyake. Sentensi ile ikageuza mwenye mali ya Katiba: badala ya majimbo 13 yaliyofunga mkataba, likawa taifa moja linalosema kwa mdomo mmoja. Wapinzani walilinusa hilo mara moja. Juni 1788 Patrick Henry, msemaji maarufu wa Virginia aliyeipinga Katiba, alisimama mbele ya mkutano wa Virginia akauliza ni nani aliyewapa ruhusa kusema "sisi wananchi" badala ya "sisi majimbo".

Mimi hulitazama neno letu wenyewe hapa. Tunapotafsiri "wananchi" tunasema wana wa nchi. Katiba ya Tanzania ya 1977 nayo inasema "sisi Wananchi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania". Sasa mtumwa aliyezaliwa Virginia, mama yake na bibi yake wamezaliwa hapohapo, si mwana wa nchi ile? Kwa Kiswahili jibu liko kwenye neno lenyewe. Kwa Katiba ya 1787 hakuwamo, ila alihesabiwa. Na juu ya huko kuhesabiwa, Morris aligombana na wenzake kuliko karibu mjumbe yeyote.

Mambo yalikwenda hivi. Viti vya Baraza la Wawakilishi vilipaswa kugawiwa kwa idadi ya watu. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe, ingawa hawana kura, hawana haki, na wanauzwa mnadani. Wakaafikiana kuhesabu watumwa watano kama watu watatu. Maana yake kadiri bwana anavyonunua watumwa wengi, ndivyo jimbo lake linavyopata viti vingi vya kutunga sheria. Tarehe 8 Agosti Morris akataka neno "huru" litiwe kabla ya neno "wakazi", ili wahesabiwe watu huru tu. Akasema utumwa ni taasisi ya uovu, ni laana ya mbingu juu ya majimbo unakotamalaki. Akauliza, kwa maana yake: Hawa watumwa ni watu? Basi wafanyeni raia wapige kura. Ni mali? Basi kwa nini mali nyingine yoyote haihesabiwi? Akaendelea kwamba mtu wa Georgia au South Carolina anakwenda pwani ya Afrika, anawang'oa binadamu wenzake kwa jamaa zao na kuwatia katika utumwa wa kikatili, halafu katika serikali inayodai kulinda haki za binadamu anapata kura nyingi kuliko mtu wa Pennsylvania anayeuchukia unyama huo.

Kura zikapigwa. Kati ya majimbo 11 yaliyokuwepo, New Jersey pekee ndiyo iliyomuunga mkono. Hata Pennsylvania, jimbo lake mwenyewe, ilimwacha.

Lakini usimpambe, ndugu yangu. Mwezi mmoja kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amependekeza kodi ziendane na viti: jimbo likitaka kuhesabiwa watumwa, lilipe kodi kwa hesabu hiyohiyo. Alidhani wa kusini wataogopa gharama. Badala yake ikawa ndiyo njia ya wasita-sita kuukubali ule mpango wa tatu kwa tano bila kuona aibu. Wiki mbili baadaye akaomba kifungu kiondolewe, akisema alikiweka kama daraja tu la kuvukia bonde. Daraja likabaki. Na mwishoni mwa Agosti, suala la biashara ya watumwa kutoka Afrika lilipotishia kuuvunja mkutano, ni Morris huyohuyo aliyeshauri lipelekwe kwenye kamati pamoja na masuala ya kodi na meli, ili kaskazini na kusini wafanye mapatano. Wakayafanya: biashara ile isiguswe hadi 1808. Tarehe 17 Septemba akatia saini yote.

Hayo yalikuwa ya watumwa. Kuhusu watu huru wasio na mali, binti yako amesoma sawasawa. Tarehe 7 Agosti Morris alitaka kura ya Baraza la Wawakilishi iwe ya wenye ardhi peke yao, na Benjamin Franklin, ambaye baba yake alichemsha mafuta kutengeneza sabuni na mishumaa, akampinga. Hoja ikaanguka vibaya. Ila tusome sababu aliyotoa, kwa sababu watu huikata. Hakusema maskini ni wajinga. Alisema mkiwapa kura watu wasio na mali, wataziuza kwa matajiri wenye uwezo wa kuzinunua. Yeyote aliyeona khanga, kofia na pakiti za sukari zikigawiwa jioni kabla ya uchaguzi hatahitaji mwalimu wa kumweleza alichomaanisha. Dawa aliyoiandika ndiyo mbaya. Ugonjwa aliuona.

Na alimwogopa nani hasa? Tarehe 2 Julai alisema, naye mwenyewe tajiri, kwamba matajiri watajitahidi kusimamisha utawala wao na kuwatia wengine utumwani; daima wamefanya hivyo, na daima watafanya. Pendekezo lake lilikuwa wawekwe pamoja katika Seneti, wakae humo maisha yao yote bila mshahara, wajulikane walipo, na Baraza la Wawakilishi liwachunge. Simba ukimjua pango lake unalala usingizi. Hilo nalo lilikataliwa. Kwa hiyo mtu huyu hakuamini umati, hakuamini matajiri, hakuamini walowezi wapya wa magharibi, na hakuamini mabwana wa kusini. Kwangu mimi mnafiki ni yule anayesema kitu mbele ya watu na kingine akiwa pembeni. Morris aliyasema yote mezani, mengine mazuri, mengine ya kuudhi, na karibu yote akashindwa. Alichoshinda ni ile sentensi ya mwanzo, na kwenye sentensi ile hakuna aliyemkumbusha aandike "wenye ardhi".

Nafupisha juu ya ubalozi, ingawa ndiko alikoishi maisha yanayosimuliwa zaidi. Alifika Paris Februari 1789 kufuatilia biashara ya tumbaku ya Robert, akakutana na mapinduzi uso kwa uso. Tangu tarehe 1 Machi akaandika shajara. Aliandika karibu kila kitu: bei, karamu, siasa, na uhusiano wake na Adélaïde de Flahaut, mke wa mzee mmoja wa kibwanyenye, aliyekuwa akiishi ndani ya jumba la Louvre na ambaye pia alikuwa kipenzi cha Talleyrand, askofu na mwanasiasa wa Ufaransa. Ndiyo maana nasema umbea wa dirishani ulikuwa na chanzo. Mwezi Juni alisimama mbele ya mchongaji Houdon ili mwili wake utumike kuchonga sanamu ya George Washington, ile iliyopo Richmond, Virginia. Sanamu ina miguu miwili, usijali.

Tarehe 22 Julai, siku nane baada ya gereza la Bastille kuanguka mikononi mwa umati, alikuwa ametoka kula, anatembeatembea chini ya matao ya Palais Royal akisubiri gari lake. Umati ukapita na kichwa cha mtu juu ya mkuki, kiwiliwili chake kikiburutwa uchi chini. Alikuwa Foulon, mzee ambaye Morris alimwandika kuwa na miaka 75, na kosa lake, anasema, lilikuwa kukubali uwaziri. Kichwa kilikwenda kuonyeshwa kwa mkwewe, naye akauawa. Siku hiyo Morris aliandika kwa mshangao: Mungu wangu, ni watu gani hawa! Nadhani ukisoma ukurasa ule unaelewa kwa nini neno "watu" kinywani mwake lilikuwa na ladha ya chumvi.

Washington alimtuma kwanza London, faraghani, kuwapima Waingereza kama wako tayari kwa mapatano; akarudi mikono mitupu. Mwaka 1792 akamteua balozi Ufaransa. Seneti ikamthibitisha kwa kura 16 dhidi ya 11, na Washington akamwandikia barua ya kirafiki lakini kali, akimweleza wazi kwamba watu wanamlaumu kwa majivuno na ulimi usio na breki. Hakupona ugonjwa huo. Balozi wa jamhuri akashiriki katika mpango wa kumtorosha mfalme Louis XVI, hata akatunza fedha za mfalme nyumbani kwake. Kwa kazi ya ubalozi hilo ni kosa kubwa, sioni namna ya kulipamba. Thomas Paine, mwandishi aliyeutetea uhuru wa Marekani, alipotiwa gerezani Paris, Morris alimfanyia machache mno, na Paine hakumsamehe. Lakini pia, baada ya jumba la mfalme kuvamiwa tarehe 10 Agosti 1792 mabalozi wengine walifunga mizigo, yeye akabaki peke yake kipindi chote cha kuchinjana, akamkopesha fedha mke wa Lafayette, jenerali Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani, mumewe alipokuwa kifungoni. Alibadilishwa 1794, James Monroe akachukua nafasi.

Alirudi nyumbani mwishoni mwa 1798, akawa seneta wa New York kuanzia 1800 hadi 1803, akasoma tanzia ya Hamilton mwaka 1804. Barabara unazotembea Manhattan, zilizonyooka kama mistari ya daftari, zilipangwa na tume ya watu watatu akiwemo yeye, na ramani ikatoka 1811. Aliongoza pia tume ya kwanza ya mfereji wa Erie.

Siku ya Krismasi 1809, akiwa na miaka 57, alioa. Bibi harusi alikuwa Anne Cary Randolph, msimamizi wa nyumba yake, mwanamke wa ukoo mkubwa wa Virginia aliyefukuzwa na kashfa nzito ya mtoto mchanga. Wapwa waliokuwa wakihesabu urithi walipigwa na butwaa. Walidhani wamealikwa kula tu. Mwaka 1813 akazaliwa mtoto wa kiume, na hesabu za urithi zikaisha. Kwenye wosia Morris alimwachia mkewe malipo ya kila mwaka, akaongeza kwamba akiolewa tena apewe dola 600 zaidi kwa mwaka, kwa kuwa ndoa huongeza matumizi. Waume wengi hufanya kinyume: mjane akiolewa, ananyang'anywa.

Sura moja nisiifiche, maana mwalimu wa binti anaweza kuiuliza. Vita na Uingereza vilipoanza mwaka 1812, Morris alivichukia kiasi cha kutaka New York na majimbo ya kaskazini mashariki yajitoe kwenye muungano. Ndiyo, yule aliyeandika "muungano ukamilike zaidi". Hapo, kama binti anatafuta mahali pa kumbana, ni pazuri kuliko suala la kura, kwa sababu kwenye la kura hakuwahi kubadilisha msimamo, na la muungano aligeuka. Alifariki Novemba 1816, nyumbani Morrisania. Njia ya mkojo iliziba, akajaribu kuizibua mwenyewe kwa kipande cha mfupa wa nyangumi. Mtu mwenye ujasiri mwingi kuliko busara, hata katika hilo.

Kwa insha, basi, mshauri binti asianze na "shujaa" wala "mnafiki". Aweke rasimu ya Agosti na ile ya Septemba bega kwa bega, aonyeshe kilichokatwa na kilichoongezwa, kisha aweke hotuba ya tarehe 8 Agosti karibu yake. Maandishi ya Madison ya mkutano ule yanapatikana bure mtandaoni. Za shajara awe mwangalifu: toleo la 1888 lilitolewa na mjukuu wake wa kike, naye alifuta mambo ya faragha ya babu, ile ya miaka ya Paris iliyo kamili zaidi ilitoka 1939. Hapo mimi wa mbali sifai kitu. Nendeni maktaba ya mtaani kwenu, mwombeni mkutubi awasaidie ana kwa ana, hiyo ndiyo kazi yake na haina malipo. Jumamosi moja mpeleke pia kanisa la St. Ann's hapo Bronx, ambalo mwanawe Morris alilijenga 1841. Kaburi lake lipo hapo, nanyi mnaishi juu ya shamba lake.

Na mtihani wako wa uraia: mtihani wa 2008 uliuliza maneno matatu ya kwanza ya Katiba, na mtihani mpya wa 2025 unauliza maana ya maneno hayo, basi hakikisha ni upi unaokuhusu. Ukiulizwa, jibu kwa Kiingereza, kwa ufupi, unyamaze. Kuhusu fomu zenyewe, hasa kama umewahi kukaa nje ya Marekani kwa muda mrefu au una kesi yoyote ya polisi, usiniulize mimi wala jamaa wa kazini. Tafuta wakili wa uhamiaji au taasisi iliyosajiliwa kutoa msaada huo, ukae nao mezani na karatasi zako zote. Msalimie binti.